Mhina Ardhini, Mwasumini Chunguni

Nyumba za mwambao zilizojengwa zamani aghalabu zilikuwa na ua wa ndani, na uani humo mama wa nyumba alikuwa na miti yake. Miwili kati ya hiyo ndiyo tutakayoizungumzia leo: mhina na mwasumini. Mmoja hutoa rangi, wa pili hutoa harufu. Na arusi, Idd na siku nyingi nyingine za furaha hazikutimia bila ya vitu hivyo viwili. Leo viwanja vimekuwa vidogo. Wengine wetu tunakaa ghorofani, wengine tuna kipande cha ardhi kisichozidi hatua tatu kati ya ukuta na tangi la maji. Hina sasa twainunua ya pakiti, na asumini twaisubiri mpaka apite mwuzaji wa vikuba.

Jirani yetu mmoja, mama mwenye mabinti wawili, ametupa idhini ya kusimulia yaliyomfika pasi na kumtaja jina. Miaka minne iliyopita alimwoza binti yake mkubwa. Siku mbili kabla ya nikahi, bibi arusi alipakwa hina ya kawaida viganjani na nyayoni, kisha akachorwa maua meusi ya piko juu ya mikono. Siku ya nikahi ilipowadia, ngozi ilikuwa imefura na kila ua limegeuka lengelenge. Bibi arusi aliwapokea wageni mikono yake imefunikwa kwa mtandio. Rangi iliondoka baada ya wiki chache, lakini alama ya ua moja iko nyuma ya mkono wake wa kulia hadi leo.

Mama yule akaazimia kwamba binti yake mdogo hatapakwa hina isipokuwa ile iliyotoka katika mti alioupanda mwenyewe. Akanunua miche miwili, wa mhina na wa mwasumini, akaipanda ubavu kwa ubavu karibu na bomba la uani, na kila jioni akaigawia ndoo moja ya maji sawa kwa sawa. Masika yakaingia, maji yakasimama shinani. Majani ya mhina yakageuka manjano, yakapukutika, na alipouvuta mti, mizizi ilikuwa imeoza. Mwasumini uliokuwa pembeni yake ulikuwa ukichanua.

“Nimeuua kwa kuupenda,” alituambia. “Kumbe kila mmoja una pendo lake.”

Neno hilo ndilo shabaha ya makala haya. Mhina na mwasumini yamezoeleka kutajwa pamoja, ikapandwa pamoja na kutunzwa kwa namna moja; ilhali tabia zake zinapingana karibu katika kila jambo. Anayeijua tofauti hiyo ataweza kuiweka yote miwili hata katika nyumba yenye nafasi finyu. Asiyeijua, mmoja wao utakufa mikononi mwake.

Asili na ukoo

Wataalamu wa mimea huuita mhina Lawsonia inermis, jina lililotolewa na Carl Linnaeus mwaka wa 1753 kwa kumkumbuka rafiki yake, tabibu Isaac Lawson. Neno inermis katika Kilatini lina maana ya kitu kisicho na silaha, yaani mti usio na miiba. Hata hivyo, aliyepata kuchuma majani katika mhina mkongwe anajua kwamba vitawi vyake vikizeeka huwa vigumu na ncha zake huchoma. Mhina ni wa ukoo mmoja na mkomamanga, mti ambao tunda lake limetajwa katika Qur'ani Tukufu. Makao yake ya asili ni nchi za jua kali na mvua haba, kuanzia Afrika na Arabuni hadi upande wa Bara Hindi.

Mwasumini wetu, ule wenye ua jeupe zito linalofungwa vikuba, huitwa Jasminum sambac. Ukoo wake ni ule wa mzeituni, mti mwingine uliotajwa katika Kitabu. Asili ya mwasumini ni nchi za joto za Asia, upande wa India, ambako mvua za msimu hunyesha kwa wingi na udongo haukosi unyevu. Jina lenyewe, yasmini, lilitoka Uajemi likapita kwa Waarabu mpaka likatufikia sisi na mataifa mengi mengine. Ua hilihili ndilo ua la taifa la Ufilipino tangu mwaka wa 1934, na Waindonesia nao wamelifanya kuwa mojawapo ya maua ya taifa lao.

Basi mmoja ni mwana wa ukame na wa pili ni mwana wa mvua. Mambo yote tutakayoyaeleza hapa chini yametokana na tofauti hiyo moja.

Maumbile

Mhina ukiachwa huwa kichaka kikubwa au mti mdogo wa urefu wa mita 2 hadi 6. Majani yake ni madogo, yamekaa mawili mawili yakikabiliana, na hayana mng'aro mkubwa. Maua yake ni madogo mno, meupe au ya rangi ya malai, mengine yakielekea waridi, nayo hukusanyika katika vishada nchani mwa matawi. Harufu yake ni nzuri na hufika mbali wakati wa usiku; huko India maua hayo hutengenezewa mafuta mazuri. Baada ya maua huja vitunda vya mviringo vya rangi ya kahawia, vidogo kama punje ya kunde, na ndani yake mna mbegu nyingi.

Mwasumini ni mfupi zaidi, kati ya nusu mita na mita 3, na matawi yake ni malaini yanayotaka kuegemea kitu. Ukiupa ufito au wavu utapanda. Ukiunyima utatambaa na kujikunja. Majani yake ni mapana, ya kijani kilichokolea, tena yanang'aa. Maua yake ni meupe, na ziko aina zenye petali chache zilizopangika kama nyota, na aina zenye petali nyingi zilizobanana kama waridi dogo. Ua hufunguka baada ya jua kutua, hunukia usiku kucha, na siku ya pili hunyauka likiwa na wekundu hafifu. Mwasumini huu ni nadra sana kuzaa mbegu. Kwa hiyo karibu kila mwasumini ulioko majumbani mwetu umetokana na tawi la mwasumini mwingine, mama kwa mama na jirani kwa jirani.

Jua, udongo na maji

Katika jua, miti hii miwili inakaribiana. Mhina wahitaji jua la kutwa. Ukiwekwa kivulini hurefuka bila ya kunenepa, na majani yake hutoa rangi dhaifu. Mwasumini nao hautoi maua ya kutosha usipopata jua la saa sita hivi kwa siku, lakini wakati wa kaskazi, jua linapochoma na upepo mkavu unapovuma, kivuli cha baada ya adhuhuri huufaa. Upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi mpaka mchana ndio makao yake.

Katika udongo huanza kuachana. Ardhi yetu ya pwani, kwa sehemu kubwa, ni mchanga juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo hujaza chokaa udongoni. Mhina hauoni tabu. Hukua katika mchanga, katika kokoto, hata katika ardhi ambayo mboga zimeikataa. Mwasumini hauipendi chokaa nyingi. Chokaa huuzuia mti kupata madini ya chuma, na dalili yake ni majani machanga kuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi wakiiona dalili hiyo hudhani mti una kiu, wakazidisha maji, na hali ikazidi kuharibika. Dawa yake ni kuupa udongo mwingine: sehemu moja ya udongo mweusi, sehemu moja ya mchanga uliooshwa chumvi, na sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri. Udongo kama huo ni rahisi kuupata wa kujaza chungu au debe, lakini ni vigumu kuubadilisha ua mzima.

Katika maji ndiko kwenye hitilafu kubwa kabisa. Mhina ukiwa mchanga unyweshwe kila baada ya siku tatu au nne katika miezi ya mwanzo. Ukishashika, na mizizi yake ikashuka chini, huweza kukaa wiki mbili au zaidi za kaskazi bila ya maji. Kinachouua ni maji yanayosimama. Upandwe mahali palipoinuka, mbali na bomba na mbali na mteremko wa maji ya paa. Na ikiwa ua wenu hutuama maji wakati wa masika, upandiwe juu ya tuta la udongo lenye kimo cha shubiri mbili.

Mwasumini, kwa upande wake, hutaka unyevu wakati wote bila ya kuelea majini. Ulioko chunguni hunyweshwa kila siku wakati wa kaskazi, na wakati wa kusi hunyweshwa kwa kupimwa: tia kidole udongoni mpaka fundo la pili, ukihisi ukavu mimina, ukihisi ubichi uache mpaka kesho. Chungu lazima kiwe na matundu chini. Tena usinyweshwe maji ya kisima cha chumvi ikiwa upo uwezo wa kupata mengine. Kingo za majani zitaungua na maua yatapungua. Mhina huyavumilia zaidi maji ya aina hiyo, ingawa nao hustawi kwa maji matamu.

Na hapa ipo faida ambayo nyumba ya Kiislamu inaipata bila ya gharama. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), kama ilivyopokewa katika Sahihi mbili kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kipimo kisichofika lita moja. Tuseme kila mmoja wetu ametumia lita moja. Nyumba ya watu watano wanaotawadha mara tano itatoa lita 25 za maji safi kila siku, maji yasiyo na sabuni wala mafuta. Wekeni beseni mahali pa kutawadhia, na jioni maji hayo yamiminwe chunguni. Miasumini kadhaa itaishi kwa maji ambayo leo yanakwenda mferejini.

Kupanda

Mhina hupandwa kwa mbegu au kwa kipande cha tawi. Mbegu zake zina ganda gumu, kwa hiyo hurowekwa kwa siku saba hadi kumi, na maji yake hubadilishwa kila siku. Kisha husiwa juu ya mchanga mwororo na kufunikwa kidogo tu, na huchukua wiki mbili au tatu kuchipua. Njia ya tawi ni fupi zaidi: kata tawi lisilo changa sana wala kuukuu, lenye unene wa penseli na urefu wa shubiri moja, ondoa majani ya chini, na ulichomeke katika mchanga wenye unyevu kivulini. Likishatoa majani mapya na kushika mizizi, lihamishie ardhini mwanzo wa mvua za vuli. Vuli ni bora kuliko masika, kwa kuwa mvua zake ni za wastani na mche hautazamishwa.

Mwasumini hupandwa kwa tawi peke yake, na njia isiyokosea ni ya kulaza. Chukua tawi refu lililo karibu na chini bila ya kulikata, likwaruze kidogo upande wa chini, lilaze katika kopo la udongo, ulikandamize kwa jiwe na kulifunika, ncha yake ikibaki nje. Mti mama utaendelea kulilisha mpaka lishike mizizi yake. Baada ya miezi miwili au mitatu likate, na tayari ni mche. Kwa njia hii mama aweza kumpa kila binti anayeolewa mwasumini wa nyumbani kwao, ule ule alioulelewa nao.

Kupogoa na wadudu

Miti yote miwili hunufaika kwa kukatwa, lakini kwa makusudi mbalimbali. Mhina hukatwa ili utoe majani machanga, kwa kuwa majani machanga ndiyo yenye rangi nyingi. Kila baada ya mavuno punguza matawi mpaka kimo cha kiuno, utachipua upya. Ukiuacha kupanda juu, utapata mti mzuri wa maua, lakini majani ya kupaka yatakuwa machache na mbali na mkono.

Mwasumini hukatwa ili utoe vitawi vipya, kwani maua hutokea nchani mwa vitawi hivyo. Mkupuo mmoja wa maua ukimalizika, kata thuluthi moja ya kila tawi, ongeza konzi mbili za samadi, na baada ya wiki kadhaa utaona matumba mapya. Wenye kuuonea huruma mwasumini wasiukate ndio wanaolalamika kwamba umejaa majani na hauna ua.

Samadi ya mhina ni kidogo, mara moja kwa mwaka yatosha. Ukinenepeshwa mno kwa mbolea na maji utakuwa na majani mengi mapana, na rangi yake itakuwa hafifu. Mhina pia hauna maadui wengi. Mchwa ndio wa kuangaliwa. Mwasumini unao: wadudu weupe kama pamba wanaojificha penye mafundo ya matawi, na utitiri mdogo mno unaotanda chini ya majani wakati wa kaskazi. Osheni majani kwa maji ya kasi kidogo kila wiki, upande wa chini zaidi kuliko wa juu. Wakizidi, changanyeni kijiko kimoja cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, mnyunyize jioni, na asubuhi msuuze.

Mavuno

Mhina huanza kuvunwa ukitimiza mwaka mmoja au miwili, na ukitunzwa hutoa majani kwa zaidi ya miaka kumi. Chuma wakati wa kiangazi, siku mvua haijanyesha. Wazee husema mchumia juani hulia kivulini, na jani la mhina lastahili kutendewa vivyo hivyo: hukuzwa juani lakini hukaushwa kivulini. Jua huibabua rangi. Tandaza majani juu ya shuka safi ndani ya chumba chenye hewa kwa siku tatu au nne mpaka yavunjike kwa vidole. Twanga au saga, kisha chekecha kwa kitambaa chepesi mara mbili. Unga wake una rangi ya kijani na harufu ya majani makavu. Uweke katika chupa iliyofungwa, mbali na mwanga.

Ukitaka kuupaka, ukande kwa maji ya ndimu mpaka uwe mzito kama uji wa mtoto, uufunike, na uuache kwa muda wa saa sita hadi nane. Asidi ya ndimu huitoa ile rangi iliyomo katika jani. Ukishapakwa, ukae mwilini saa nne au zaidi, kisha ubanduliwe bila ya kuoshwa kwa maji mara moja. Siku ya kwanza rangi itakuwa ya chungwa, msivunjike moyo. Hukolea polepole na kufikia wekundu wa kahawia baada ya siku moja au mbili. Viganja na nyayo hukolea kuliko sehemu nyingine kwa sababu ngozi yake ni nene. Ndiyo maana bibi arusi hupakwa siku mbili kabla ya arusi.

Asumini haina subira hiyo. Huchumwa baada ya alasiri, ikiwa ni tumba jeupe lililojaa ambalo bado halijafunguka. Tumba la kijani likichumwa halitafunguka vizuri, na ua lililokwisha kufunguka limeshapoteza sehemu ya harufu yake. Matumba yafungwe katika kitambaa kibichi mpaka wakati wa kutungwa koja au kikuba, pamoja na rehani. Baina ya magharibi na isha yatafunguka yenyewe, na nyumba nzima itajua.

Tahadhari mbili

Ya kwanza ni juu ya kile kinachoitwa hina nyeusi. Hakuna mhina duniani unaotoa rangi nyeusi ya papo kwa papo. Jani la mhina lina rangi moja tu, ya chungwa inayokolea kuwa nyekundu ya kahawia. Weusi unaoshika kwa nusu saa hutokana na dawa ya kupaka nywele, na ndani yake aghalabu mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Kemikali hiyo ikipakwa juu ya ngozi huweza kuleta mwasho, malengelenge na makovu. Na mwili wa mtu ukishaikataa mara moja, huikataa maisha yake yote, hata itakapokuwamo katika rangi ya nywele. Hilo ndilo lililompata binti wa jirani yetu. Basi mama anayemtayarisha mwanawe kwa arusi au kwa Idd na aulize mambo mawili: hina hii imechanganywa na nini, na inachukua muda gani kushika? Ikiwa jibu ni dakika chache na weusi tititi, mkono na urudishwe.

Ya pili ni juu ya watoto wachanga, nayo inahusu hata hina safi ya nyumbani. Wako watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huzilinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huo hurithiwa, huonekana zaidi kwa wavulana, na ni wa kawaida katika nchi zenye malaria, mwambao wetu ukiwemo. Mtoto mchanga mwenye hali hiyo akipakwa hina, rangi hupenya ngozi yake laini na huweza kuvunja chembe za damu. Mtoto akapauka, akawa na macho ya manjano na mkojo wa rangi nzito. Madaktari wameshuhudia visa hivyo, na vingine vilileta mauti. Kwa kuwa wengi hatujui nani anayo hali hiyo, mtoto mchanga asipakwe hina. Furaha ya arobaini yake haitapungua kwa mikono kuwa mitupu. Na aliyekwisha kupakwa kisha akaonyesha dalili hizo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Adabu za rangi na harufu

Akina mama huuliza mara nyingi kuhusu udhu. Rangi ya hina haizuii maji kuifikia ngozi, kwa kuwa ni rangi tu isiyo na mwili. Kinachozuia ni ule unga wenyewe ukiwa bado umeganda. Kwa hiyo ubanduliwe wote kabla ya kutawadha, na wakati wa kupaka upangwe vyema ili sala isipite. Wengi huchagua baada ya sala ya isha.

Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kutoka kwa Abu Dharr (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) aliitaja hina na katamu kuwa bora ya vitu vya kubadilishia mvi. Na katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Abu Huraira (r.a.) inayotufunza kutolikataa jani au ua la harufu nzuri tunapopewa, kwa kuwa ni jepesi kulibeba na lina harufu njema. Harufu ya asumini, hata hivyo, mahali pake kwa mwanamke ni nyumbani mwake na miongoni mwa wanawake wenzake, si njiani.

Na mjane aliyemo katika eda ya miezi minne na siku kumi hujiepusha na hina na manukato. Katika muda huo mhina wake utangoja. Hauna hasara kukaa bila ya kuvunwa. Matumba ya mwasumini, ambayo hayangoji, yachumwe na watoto yakapelekwe kwa jirani. Hiyo nayo ni sadaka.

Upi, na wapi?

Turudi kwa mwenye hatua tatu za ardhi. Ushauri wetu ni kwamba ardhi hiyo apewe mhina, na mwasumini ukae chunguni. Mhina hupeleka mizizi chini, huishi miaka mingi, hauhitaji kuangaliwa kila siku, na hauna haja ya udongo wa kununua; mkipata safari ya mwezi mzima mtarudi mtaukuta. Mwasumini hutaka udongo wake maalumu, maji ya kila siku na jicho la karibu, na vyote hivyo hupatikana kwa urahisi katika chungu kilichowekwa karibu na mlango, mahali ambapo mwenye nyumba hupita akitoka kutawadha. Anayekaa ghorofani na hana ardhi kabisa aanze na mwasumini katika debe kwenye roshani yenye jua. Na mwenye ua mkubwa aipande yote miwili, lakini umbali wa hatua kadhaa baina yake, ili maji ya mmoja yasiwe maangamizi ya mwingine.

Katika Sahihi mbili, kutoka kwa Anas (r.a.), tumefunzwa kwamba Mwislamu hapandi mti akala katika mti huo mtu, ndege au mnyama ila huandikiwa sadaka. Nyuki watakaoyajia maua ya mhina hawatatuuliza kiwanja chetu kilikuwa na ukubwa gani.

Jirani yetu aliupanda mhina wa pili juu ya tuta, upande wa pili wa ua, na mwasumini akauhamishia katika chungu pale mlangoni. Mhina huo umetimiza mwaka wa tatu. Mwezi uliopita aliuvuna, akaukausha chumbani na kuusaga, na chupa ya unga iko kabatini ikingoja arusi ya binti mdogo. Dada yake mkubwa, mwenye alama mkononi, ndiye aliyeuchekecha.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu na vilivyomo uani mwetu. Amin.